Muulize Mwalimu: Debe la Pili la Mchanga

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Sisi ni wanafunzi wa kidato cha tano huku Pongwe, Tanga. Kwa ajili ya maonyesho ya sayansi tumeunda manjaniki, ile mashine ya zamani ya kurushia mawe kwenye ngome. Mkono wake ni mti wa mvinje wa mita 2.5 wenye uzito wa kilo 6. Ekseli iko mita 1.4 kutoka chini. Upande mfupi wa mkono ni nusu mita, na hapo tumening'iniza debe la mchanga la kilo 30. Upande mrefu ni mita 2, na mwisho wake una kombeo la kamba ya katani, urefu nusu mita. Upande mnene wa mti tumeuweka huko kwenye urefu ili usivunjike. Tunarusha machungwa ya Muheza, gramu 200 hivi kila moja. Mara chungwa linakwenda juu moja kwa moja na kutuangukia wenyewe, mara linajipigiza chini mbele ya mashine. Mbali kuliko yote tumefika mita 44. Tukaongeza debe la pili, uzito ukawa kilo 60, tukapata mita 3 tu za ziada. Kwa nini uzito maradufu haukutupa umbali maradufu? Je, tumeikosa pembe ya nyuzi 45? Na mjomba wa mwenzetu anasema chungwa huanguka pale nguvu ya kurushwa inapoliishia. Ni kweli? Picha ya mashine tumeiambatanisha.

JIBU

Marahaba, wanangu. Barua yenu nimeisoma nikiwa na penseli mkononi, kwa sababu mmeniandikia vipimo. Wengi huniandikia "haiendi mbali" wakaishia hapo, nami nabaki kubahatisha. Nyinyi mmepima mti, mkapima debe, mkapima chungwa. Hapo kazi inafanyika.

Nianze na la mjomba, maana hilo likibaki kichwani mengine yote yatapinda. Kwa heshima zote kwake, sivyo. Chungwa likishatoka kwenye kombeo halina akiba ya nguvu liliyoibeba. Hakuna kinacholisukuma tena. Linakwenda mbele kwa sababu lilikuwa tayari linakwenda mbele, na kitu kilicho katika mwendo huendelea nao mpaka kitokee cha kukizuia. Huko angani vinavyoligusa ni viwili: hewa, ambayo kwa kasi yenu inazuia kwa nguvu ya robo hivi ya uzito wa chungwa lenyewe, na mvutano wa dunia. Hewa tuiweke kando kwa sasa. Mvutano wa dunia unavuta chini, chini tu, hauvuti nyuma. Basi mwendo wa kwenda mbele unabaki vilevile kuanzia mwanzo hadi mwisho, huku mwendo wa kwenda juu ukipungua mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde, ukafika sifuri, kisha ukawa mwendo wa kushuka. Chungwa lina miendo miwili kwa wakati mmoja, na hakuna unaomwingilia mwenzake.

Kama mjomba hataki kusadiki, mpelekeeni sarafu mbili. Zipangeni ukingoni mwa meza. Moja isukumeni polepole mpaka ianguke, na nyingine wakati uleule ipigeni kwa rula iruke mbali. Mwambieni afumbe macho asikilize. Zitagonga sakafu kwa mlio mmoja, ile iliyoruka mbali na ile iliyodondoka pale pale. Jaribio hili nilikuwa nalifanya kwa kila darasa jipya, na hakukosekana mwanafunzi aliyeomba lirudiwe. Galileo Galilei alilichapisha jambo hili mwaka 1638, akaonyesha kwamba njia ya kitu kilichorushwa ni mchirizo wenye jina lake katika hisabati: parabola.

Sasa tulifuate chungwa lenu. Kutoka kwenye mita 44 naweza kurudi nyuma nikapata kasi yake. Liliachiwa juu ya vichwa vyenu, karibu mita 4 kutoka ardhini. Ukipiga hesabu bila hewa, linahitaji kasi ya takriban mita 20 kwa sekunde. Hewa ikiingia inahitajika zaidi kidogo. Kwa nyuzi 45, hiyo ni mita 14 kwa sekunde kwenda mbele na mita 14 kwa sekunde kwenda juu. Baada ya sekunde 1 liko mita 14 mbele yenu. Lingekuwa limepanda mita 14 pia, ila dunia imeshalivuta mita 4.9, hivyo liko mita 13 juu ya ardhi. Sekunde ya 2 liko mita 28 mbele, dunia imeshalivuta mita 19.6, na limeanza kushuka, liko mita 12 na kitu. Sekunde ya 3 liko mita 42 mbele, mita 2 tu juu ya majani. Kabla hujamaliza kuvuta pumzi limetua. Chukueni karatasi ya grafu mchore nukta hizo. Ni afadhali mchoro mmoja mliouchora wenyewe kuliko fomula tatu za kukariri.

Sasa nyuzi 45. Hapa nina jambo ninalolisema kila ninapopata nafasi: wanafunzi wetu wanaikariri namba hii kama vile ni siri ya ushindi, na inawapotezea muda. Ni kweli kwamba kwenye uwanja tambarare umbali hupatikana kwa kuzidisha kasi kwa kasi, ukagawanya kwa 9.8, kisha ukazidisha kwa saini (sine) ya pembe maradufu, na saini hiyo inafika kileleni kwenye nyuzi 45. Lakini tazameni kilele chenyewe kilivyo bapa. Mkiachia kwa nyuzi 40 au 50 badala ya 45, mnapoteza chini ya asilimia 2 ya umbali. Kwa nyuzi 30 au 60 mnapoteza asilimia 13. Zaidi ya hapo, nyinyi mnaachia kutoka mita 4 juu, na kwa hali hiyo pembe bora ni 42 au 43. Kasi je? Kasi inaingia mara mbili. Ongezeni kasi kwa sehemu moja ya kumi, kutoka mita 20 hadi 22 kwa sekunde, umbali unaongezeka kwa asilimia 21. Ndiyo maana ningeona mwanafunzi anahangaika na mti na kombeo ningemwacha aendelee, na ningemwona anahangaika na nyuzi mbili tatu ningemwondoa hapo.

Tuje kwenye debe, ambalo ndilo swali lenu hasa.

Mnapovuta mkono mrefu mpaka chini, ncha fupi inapanda sentimita 35 juu ya ekseli. Mkiachia, inashuka mpaka nusu mita chini ya ekseli. Debe basi limeanguka sentimita 85. Kilo 30, mara 9.8, mara 0.85: jouli 250. Hiyo ndiyo nishati yote mliyonayo, hakuna nyingine inayotoka popote. Chungwa la gramu 200 likiondoka na mita 20 kwa sekunde limechukua jouli 40. Mlipoweka debe la pili mlilipa jouli 500, na kwa mita 47 chungwa lilichukua jouli 43. Yaani jouli 250 za ziada zimewanunulia jouli 3.

Zilikwenda wapi? Kwanza kuna mpaka ambao mchanga hauwezi kuuvuka hata mkijaza lori. Kitu kilichoanguka sentimita 85 hakiwezi kuwa na kasi zaidi ya mita 4 kwa sekunde, kiwe kilo 30 au tani 30, kwa sababu uzito hauharakishi mwanguko. Mkono wenu unazidisha kasi hiyo mara 4, maana mita 2 ni nusu mita mara 4. Ncha ya mti basi haiwezi kupita mita 16 kwa sekunde. Debe la kwanza lilikuwa tayari na uzito wa mara 150 ya chungwa. Wanaounda mashine hizi siku hizi huanzia kwenye mara 100 hivi. Mlikuwa mmeshakaribia dari, na debe la pili likagonga kichwa kwenye dari ileile.

Pili, rusheni tena, lakini safari hii msilitazame chungwa, litazameni debe. Chungwa likishaondoka, debe linabembea kwa nguvu na miguu ya mashine inaruka? Kama ndivyo, nishati yenu imebaki mle. Manjaniki iliyopimika vizuri humaliza kazi mkono ukiwa wima na karibu umesimama, debe likiwa limetulia chini kabisa, kwa sababu mwendo wote umehamia kwenye kinachorushwa. Ikiwa hakuna kinachopotea hata kidogo, umbali wa juu kabisa ni mara mbili ya uzito wa debe ukigawanywa kwa uzito wa chungwa, mara kimo cha mwanguko. Kwenu, kwa debe moja: 2 mara 150 mara 0.85, yaani mita 255. Hakuna atakayefika huko kwa mti na kamba, na kwa kasi hiyo hewa ingekula sehemu kubwa ya safari. Ila mnaona nafasi iliyopo kati ya 44 na 255. Nafasi hiyo haijazwi kwa mchanga.

Tatu, mti wenyewe. Mmeuweka mnene upande mrefu mkihofia utavunjika. Geuzeni leo. Ukiwa hivyo, kitovu cha uzito wake kiko takriban sentimita 85 kutoka kwenye ekseli, na kila mkirusha mnapandisha kilo 6 za mvinje karibu mita moja na nusu. Hizo ni jouli 85, theluthi ya nishati ya debe la kwanza, kwa kazi ya kuinua mti peke yake, kabla hatujahesabu nishati ya kuufanya uende kasi. Mkono hupata mkazo mkubwa pale kwenye ekseli, si kwenye ncha. Unene ukae hapo na upande wa debe, wembamba uende kwenye kombeo. Mkipata mwanzi mkavu mrefu wa kuunganisha sehemu ya nje, uchukueni, mkiufunga vizuri kwa kamba ili usipasuke.

Kombeo sasa, na hapa nakaa kwa muda kwa sababu ndipo penye utamu. Mmeniandikia kwamba ni la nusu mita. Ni fupi mno. Kombeo ni mkono wa pili ulioungwa kwenye mkono wa kwanza. Mti unapopanda, chungwa linabaki nyuma likivutwa, kisha linazunguka kwa nje na kuipita ncha ya mti, likiongeza kasi juu ya ile mita 16 ambayo mchanga hauwezi kuipita. Kwa mkono wa mita 2, anzeni na kombeo la mita 1.5 mkisogea taratibu kuelekea mita 2. Nadhani mlilifupisha kwa sababu refu linajinasa. Dawa yake ni mfereji wa mbao laini chini ya mkono, kuelekea nyuma ya debe, na chungwa lianze safari yake humo likiteleza.

Lile la chungwa kwenda juu mara hii na chini mara ile ni la pete na msumari. Upande mmoja wa kombeo umefungwa, upande wa pili una pete iliyovikwa kwenye msumari ulio kwenye ncha. Pete ikichomoka, chungwa liko huru. Ikichomoka mapema, chungwa lilikuwa bado linapanda, nalo linaendelea kupanda na kurudi vichwani mwenu. Ikichelewa, chungwa limeshapita juu na linaelekea ardhini. Msumari ulionyooka huachia mapema. Ukiukunja kidogo kuelekea mbele unachelewesha. Kunjeni kwa koleo, kidogo kidogo, rusheni, tazameni. Lakini kwanza, kwenye picha naona msumari una kutu na kwamba hakuna pete, mmefunga kitanzi cha katani tupu. Nyuzi za katani zinanasa kwenye kutu, leo sana, kesho kidogo. Chungwa linazunguka kwa kasi kiasi kwamba kuchelewa kwa sekunde 0.05 kunageuza mwelekeo wake kwa nyuzi 25 au zaidi. Pigeni msumari msasa mpaka ung'ae, pakeni mafuta, fungeni pete ya chuma mwishoni mwa kamba. Mkirusha tena bila kubadili chochote na chungwa likaanguka karibu na pale pale, hapo ndipo muanze kukunja.

Pembe msiikisie kwa macho. Simu nyingi zinachukua picha 30 kwa sekunde. Iwekeni pembeni kabisa, mbali kidogo, na chomekeni mti wenye alama za kila nusu mita ili muwe na kipimo. Chungwa lenye kasi ya mita 20 kwa sekunde litasogea sentimita 67 kutoka picha moja hadi inayofuata. Simamisheni video pale linapoachiwa, wekeni protrakta juu ya kioo, someni pembe. Pimeni na kasi. Andikeni vyote viwili kwenye daftari kila mnaporusha, pamoja na urefu wa kombeo.

Na kilo zenu 60 msizimwage. Zinafaa kitu kizito zaidi. Nazi iliyofuliwa ina gramu 600 hivi, yaani uzito wenu ni mara 100 yake, na hewa haikisumbui sana kitu kizito kama hicho. Ila mbao za miguu zikazwe upya kwanza.

Wengi wetu wa Pwani jina la manjaniki tulilisikia chuoni (madrasa), katika kisa cha Nabii Ibrahim na moto wa Namrudi. Kwenye vita za kihistoria ile ya uzito wa kuanguka ilitisha: mwaka 1273 mji wa Xiangyang, China, uliokuwa umezingirwa kwa miaka, ulisalimu amri kwa Kublai Khan, mtawala wa Wamongolia, baada ya mafundi wawili Waislamu walioletwa kutoka Uajemi, Ismail na Alauddin, kumjengea mashine hizi. Mwaka 1304 mfalme Edward I wa Uingereza alijenga moja kubwa mbele ya ngome ya Stirling, Uskochi. Mafundi wale hawakuwa na fomula za Galileo. Walirusha, wakatazama, wakarekebisha kombeo, wakarusha tena.

Sasa nisikilizeni kama mzazi. Mmeniandikia kwamba chungwa linawaangukia. Nazi ikifanya hivyo ni msiba. Asisimame mtu mbele wala nyuma ya mashine. Kombeo likinasa huweza kurusha nyuma. Wote wawe pembeni, mbali, na kizuizi kivutwe kwa kamba ndefu. Asipite mtu chini ya debe likiwa limepandishwa, hata kuokota pete. Mwalimu wenu awepo kila mnaporusha. Uwanja wa shule ukiwa na watoto wa msingi wanaopita kwenda nyumbani, subirini wamalize kupita.

Nitumieni vipimo vipya pamoja na mchoro wa grafu. Nitavichapisha hapa.

SWALI

Asalaam alaikum Mwalimu. Mimi ni mama wa Dunda, Bagamoyo. Mwanangu wa darasa la saba ana manati, na usiku wa mbalamwezi aliniuliza kama kule mwezini jiwe lake lingefika mbali zaidi. Baba yake akasema mzinga, manati, mashine yoyote ile ingerusha mbali mara sita. Ni sawa?

JIBU

Wa alaikum salaam, mama. Kuhusu manati baba yake amepatia. Mvutano wa mwezi ni kama moja ya sita ya ule wa dunia. Nguvu ya manati inatoka kwenye mpira uliovutwa, na mpira hauna habari na mvutano, hivyo jiwe litaondoka na kasi ileile na kuchukua muda mara sita kurudi chini. Tukiacha hewa, jiwe linalofika mita 50 Bagamoyo lingefika mita 300 huko. Mzinga wa baruti nao ni hivyohivyo.

Lakini si "mashine yoyote". Manjaniki ya vijana wa Pongwe, ambayo nimeieleza hapo juu, ikipelekwa mwezini itarusha umbali uleule ingerusha hapa pasipo hewa. Inatumia debe linaloanguka, na huko debe nalo linaanguka kwa uvivu mara sita. Kinachopatikana angani kwa mvutano mdogo kilishapotea kwenye debe. Rudi kwenye ile hesabu ya umbali wa juu kabisa: mara mbili ya uzito wa debe kugawanywa kwa uzito wa chungwa, mara kimo. Namba 9.8 haimo kabisa. Tofauti atakayoiona mwanao ni ya muda. Chungwa linalokaa angani sekunde 3.1 hapa litakaa karibu sekunde 7.6 kule, likipita njia ileile.